Sindano Iliyojazwa Nusu

Kosa langu la kwanza katika ile wodi lilikuwa kujibu swali ambalo sikuulizwa mimi. Daktari aliyekuwa akimpokea mama alimtazama usoni na kumuuliza, "Mama, insulini nyumbani unajidunga kiasi gani?" Kabla mama hajafungua mdomo nikasema, "Yuniti ishirini asubuhi, kumi na mbili jioni. Hakosi hata siku moja." Daktari akaandika. Mama akashika ncha ya kitambaa chake cha kichwa akaanza kuikunja. Niliona akiikunja, nikadhani anaona haya kwa sababu ya kidonda cha mguuni.

Nilijivunia lile jibu. Lilikuwa fupi, halikuwa na pengo, na lilifanana neno kwa neno na karatasi niliyokuwa nimeibandika ukutani jikoni kwake. Ila halikuwa kweli.

Mimi hufanya kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, huko Mwiki, upande wa Ruiru. Sikusomea kompyuta popote. Nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka: kuchapa, kupanga majedwali, kutengeneza programu za harusi na za mazishi. Siku hizi kazi kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mteja huketi kando yangu kwenye stuli, namuuliza jina na namba ya kitambulisho, na mengine nayajaza mwenyewe haraka haraka, kwa kuwa nimeshajua fomu inataka nini. Watu hunisifu. "Huyu kijana hakusumbui na maswali," husema. Nimewahi kuchapisha upya programu arobaini za mazishi kwa sababu nafasi ya ukingoni kushoto ilizidi ya kulia kwa upana wa ukucha. Nikiwa na wasiwasi mikono yangu hutafuta kitu cha kunyoosha, na nina wasiwasi karibu kila siku.

Mama anaishi Kiganjo, Thika, peke yake tangu mimi na dada yangu tuondoke. Kidonda kilitokana na viatu. Niliona viatu vyake vya kanisani vimechakaa nikamwagizia vingine bila kumwambia, vyeusi vya kufunika, saizi niliyoikadiria kwa macho. Akavivaa Jumapili tatu bila kusema neno. Mtu mwenye sukari anaweza kuumizwa na kiatu asisikie chochote. Hilo nilikuwa nimelisoma mahali. Alipokuja kunionyesha, kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba, ngozi imechubuka, na harufu yake ilinifanya nigeuke nijifanye natafuta funguo.

Nilimpeleka hospitali huko kwao Thika. Walimlaza siku hiyo hiyo. Daktari alitueleza hali ilivyo bila kuzunguka. "Sukari iko juu sana. Ikitulia, tunapambana na kidonda. Isipotulia, uchafu utapanda, na hapo hatutazungumzia kidole tena, tutazungumzia mguu." Alikuwa ananiambia mimi. Mama alikuwa katikati yetu, kitandani, akisikiliza mambo ya mguu wake mwenyewe kama habari za jirani.

"Na kama anajidunga ishirini na bado iko hivi," daktari akaendelea, "basi ishirini hazitoshi. Tutapandisha."

Mama akasema, "Daktari, mimi nyumbani…"

Nikamwambia, "Mama, ngoja daktari amalize."

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilikuwa nimeyasema kwa upole, hata nikamshika bega.

Kwenye kitanda cha pili kutoka cha mama alilazwa bibi mmoja mkulima kutoka mashambani mashariki ya Thika, aliyevunjika mkono akimfukuza ng'ombe kwenye mahindi. Nilimwita cucu, kama tunavyoita nyanya zetu. Yeye alinichunguza siku nzima ya kwanza kabla ya kutoa hukumu.

"Mama," akamwambia mama yangu, "huyu ni mtoto wako ama ni wakili wako?"

"Ni baba yangu," mama akamjibu, na wote wawili wakacheka. Nimepewa jina la babu, baba yake mama, kwa hiyo tangu nizaliwe mama huniita baba. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza niliposikia kwamba neno hilo linaweza pia kuwa malalamiko.

Nilikuwa na daftari. Nilichora mistari kwa rula: saa, tukio, nani, maelezo. Niliandika muda ambao mama alisubiri kufungwa kidonda. Niliandika kwamba uji ulikuja umepoa, kwamba mlango wa choo haufungi, kwamba kitanda kina gurudumu moja bovu. Kufikia siku ya pili nilikuwa na kurasa tano za makosa ya hospitali, na kila kosa jipya lilinipa raha ndogo ambayo sikuichunguza. Mama naye alikuwa na yake. Alifua mashuka kwa miaka mingi katika hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania, na alipolala tu alilinusa shuka akasema, "Hili limesuuzwa mara moja tu. Sabuni bado iko ndani." Hilo nililiandika pia, kama ushahidi. Sikumuuliza anaonaje mengine.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama alianza kutokwa na jasho. Wodi ilikuwa baridi, dirisha liko wazi, na jasho lilimtiririka kutoka chini ya kitambaa. Mikono ikawa inatetemeka. Aliniangalia akaniita kwa jina la ndugu yake, ambaye tulimzika zamani, akaniuliza kama nimefunga mbuzi. Nilipiga kelele. Sista mmoja, muuguzi mrefu mwenye sauti ya chini, alikuja mbio na kile kimashine cha kupima sukari, akamchoma kidole, akaangalia, na papo hapo akaagiza glukosi. Sukari ilikuwa imeshuka hadi mbili na kitu, chini sana ya kiwango salama. Asubuhi hiyo alikuwa amedungwa dozi mpya, kubwa, na uji ulikuwa umechelewa.

Alirudi polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Alipouliza, "Kwani nimelala?" nilijua amerudi. Hapo ndipo hofu yangu ikageuka hasira, jambo ambalo kwangu huchukua sekunde moja.

"Mnataka kumuua?" nikamwambia sista. "Nimewapa kila kitu, dozi, masaa, kila kitu! Mnasoma kweli hizi faili ama mnazipamba tu?"

Sista hakupandisha sauti. "Kijana, toka nje kidogo, nimshughulikie mgonjwa."

"Mimi ndiye ninayemhudumia."

"Najua. Toka hata hivyo."

Niliketi kwenye benchi ya korido nikaandika malalamiko kwenye simu. Nitasema ukweli: niliyaandika vizuri. Niliandika mara tatu. Nilibadilisha "uzembe" nikaweka "kutowajibika", kisha nikarudisha "uzembe". Nilihakikisha kila aya inaanza na saa na siku. Mama yangu alikuwa amenusurika nusu saa iliyopita na mimi nilikuwa narekebisha mkato. Nilipomaliza niliinuka niende nimsomee sista kabla sijayatuma, maana nilitaka kuuona uso wake.

Pazia lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda cha mama. Nyuma yake nilisikia kicheko, na kilikuwa cha mama. Nikasimama.

Sista hakuwa amekuja na faili. Kupitia mwanya wa pazia niliona amempa mama sindano tupu ya insulini na kichupa cha maji. "Sitaki uniambie kwa mdomo," alikuwa anasema. "Nionyeshe tu. Fanya vile unafanya nyumbani asubuhi."

Mama akavaa miwani. Akashika kichupa juu chini, akavuta, akagonga sindano kwa ukucha kutoa mapovu, kwa ustadi ambao sikujua anao. Kisha akasimama kwenye kumi. Nusu kabisa.

"Hapo tu?" sista akauliza.

"Hapo tu, sista. Tangu ile siku."

"Siku gani?"

Na mama akaeleza. Wanawake wa kundi lao la maombi hufunga kila Ijumaa, hawali mpaka jioni. Ijumaa moja, karibu mwaka mmoja uliopita, alijidunga ishirini kama kawaida na akafunga kama kawaida, na kabla ya saa sita akaanguka jikoni, kando ya jiko. "Nilipofungua macho, kuku wa jirani alikuwa amesimama hapa kifuani ananiangalia. Nikajiambia, Ngai, Mungu wangu, nimekufa, na aliyetumwa kunichukua ni kuku."

Cucu wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mkono wake uliovunjika. "Haiya! Na ulimfuata?"

"Nilimfukuza, nikatafuta sukari nikalamba. Tangu hapo nikasema ishirini ni za watu wanaoishi na watu. Mimi niko peke yangu. Nikianguka, nani ataniokota? Nikaanza kujaza nusu."

"Kwa nini hukutuambia siku ulipokuja?" sista akauliza.

Mama akavua miwani. "Mlipouliza, kijana alijibu. Na yeye sijawahi kumwambia. Ningemwambia angenitengenezea ratiba, aniwekee kengele kwenye simu, alie mchana kutwa. Ananipenda kwa fujo."

Nilisimama nje ya lile pazia na simu mkononi. Nilitaka kuelewa kila kitu kwa haraka, na kilichokuwepo cha kuelewa kilikuwa kidogo sana. Daktari alipandisha dozi juu ya dozi ambayo mama hakuwa akiitumia. Aliamini ishirini kwa sababu mimi nilisema ishirini. Mwili wa mama ulikuwa umezoea kumi, ukapigwa na zaidi ya mara mbili yake. Uji uliochelewa ulikuwa kosa la hospitali, na kutomuuliza tena mama lilikuwa kosa lao pia. Lakini mlango wa yote hayo niliufungua mimi, kwa sentensi moja safi.

Sista alivuta pazia akanikuta hapo. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kesho daktari akija, mwache mama aseme mwenyewe."

"Ataweza kunyamaza?" mama akauliza.

"Si mna bandeji," cucu akasema. "Mfungeni mdomo."

Malalamiko sikuyatuma. Siwezi kusema ni kwa wema. Niliona aibu kwamba aya nzuri kuliko zote ndiyo iliyoanza na "Licha ya maelezo kamili niliyotoa".

Kesho yake daktari alipofika nilisimama upande wa miguuni, mikono nyuma. Mama alianza kueleza. Alianzia mbali: kundi la maombi, nani alianzisha, kwa nini Ijumaa na si Jumatano. Daktari aliangalia saa yake mara moja. Mimi nilikuwa na muhtasari tayari, wa sentensi mbili. Nilibana vidole vyangu. Mama alipofika kwa kuku, daktari alivuta stuli akaketi. Hakuwa ameketi siku zote hizo.

"Mama," akasema mama alipomaliza, "tulikupandishia dozi ambayo hukuwa unaitumia. Tulipaswa kukuuliza wewe. Samahani."

"Mimi pia nilificha," mama akasema.

"Sasa tufanye hivi. Tunarudi chini, karibu na ile yako ya kumi, halafu tunapanda kidogo kidogo huku tukipima. Lakini kufunga, hapana. Kwako kufunga ni hatari."

Nilitarajia mama aitikie, kama alivyozoea kuwaitikia madaktari. Badala yake akakaa vizuri kwenye mto. "Ijumaa siwezi kuacha. Wale wanawake ndio huja kuniona nikiugua. Lakini nitakunywa uji asubuhi na mchana. Mungu anajua habari za sukari."

"Uji na nini?"

"Uji na yai."

"Na utapima kabla ya kujidunga?"

"Nikipewa mashine, nitapima."

"Basi tumeelewana," daktari akasema, na akaandika uji na yai kwenye faili. Niliona kwa macho yangu.

Sukari ilitulia katika siku chache zilizofuata. Wodi haikubadilika. Gurudumu lilikuwa bovu vile vile na uji ulichelewa tena mara mbili. Nilichogundua nikipitia daftari langu ni kwamba safu ya maelezo ilikuwa imebadilika bila mimi kukusudia. Siku ya pili niliandika, "Amesubiri kufungwa kidonda kwa saa mbili, hakuna aliyejali." Siku ya sita alisubiri saa mbili zile zile, na mama ndiye aliyenieleza: "Sista ameniambia anaanza na yule mtoto aliyeungua, akifika kwangu ni karibu saa tano. Nimemwambia achukue muda wake." Alikuwa ametulia, anasimulia na cucu. Siku ya pili hatukujua tunasubiri nini. Siku ya sita mama alikuwa amekubali kusubiri.

Lakini kidole hakikungoja. Mguu ulipona, wekundu ukarudi nyuma, ila ncha ya kidole ilikuwa nyeusi. Daktari alimweleza mama njia mbili: kuendelea kukisafisha na kungoja, kwa wiki nyingi pengine, na uwezekano wa uchafu kurudi, au kukiondoa sasa wakati mguu uko salama. Mimi nilikuwa nimeshasoma kila kitu ninachoweza kusoma kuhusu jambo hilo na nilikuwa nimeamua kungoja. Nilikuwa na hoja sita.

Mama akanitazama. "Baba, nenda uninunulie gazeti."

"Mama, wewe husomi gazeti."

"Leo nitasoma."

Nilienda. Nilizunguka nje ya lango mara mbili na gazeti kwapani, nikijilazimisha kutorudi. Niliporudi alikuwa ameshatia sahihi. Alikuwa ameongea na sista, akaongea na cucu, akaomba, akaamua kikatwe.

"Ungengoja," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Wewe ungengoja. Mimi nina sukuma wiki shambani, nina kanisa, na siwezi kukaa miezi miwili nikinusa mguu wangu. Kidole ni changu, nimekizoea, nimekiaga. Lete hilo gazeti, cucu anataka kuona matangazo ya vifo."

Walikiondoa asubuhi iliyofuata, na kidonda kilifunga vizuri. Mpaka leo sijui kama kungoja kungekiokoa. Swali hilo lingeweza kuninyima usingizi mwaka mzima, ninajijua. Halininyimi, kwa sababu aliyeamua alikuwa na haki ya kuamua na hajawahi kujuta mbele yangu hata mara moja.

Siku ya kuruhusiwa walitupa fomu ya maoni, karatasi moja yenye maswali na visanduku vya alama, moja mpaka tano. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu kabla sijafikiri. Usafi, mbili. Chakula, mbili. Kwenye huduma kwa jumla nilikuwa nimeshafikisha kalamu kwenye mbili nyingine mama aliponiuliza, "Unajaza ya nani?"

"Yako."

"Basi nisomee."

Nikasoma swali la kwanza. Akasema mbili kwa usafi ni sawa, na niandike kwamba mashuka yasuuzwe mara mbili. Chakula akaweka tatu, kwa sababu maharagwe yalikuwa mazuri. Tulipofika kwenye huduma kwa jumla akasema, "Tano."

"Tano? Mama, siku ya tatu ulikuwa unakufa."

"Siku ya tatu ningesema moja. Lakini fomu imekuja leo."

"Hospitali ni ile ile."

"Ni ile ile," akakubali. "Lakini siku hizo za kwanza nilikuwa nimelala hapa kama mzigo umeletwa kupimwa. Baadaye wakaniuliza, nikasema, wakafanya vile tuliongea. Hata kidole wamenikata nikijua kwa nini. Weka tano, baba, ama unipe hiyo kalamu."

Nikampa kalamu. Aliandika tano yake kubwa, ikatoka nje ya kisanduku upande mmoja. Niliiangalia ile tano iliyopinda na nikaiacha.

Wasiwasi haujaniacha, na sitaki kudanganya kwamba hospitali ilinitibu mimi. Bado hujiuliza kila Ijumaa kama amekunywa ule uji. Bado nina maelezo mengi kuliko maswali. Lakini mama sasa huingia kwa daktari wa kliniki peke yake, na mimi hungoja nje. Nikitaka kujua amejidunga yuniti ngapi, namuuliza, nanyamaza, na ninaamini anachonijibu.